Umeletewa ofa ya kikoa chako: ukubali, urudishe bei au ukatae? Mwongozo kamili

Swali hili linanijia mara kwa mara kutoka kwa wenye vikoa, yaani majina ya tovuti yanayoishia na .com, .co.ug na mengineyo, wa Kampala, Mbale na Arua: "Kuna mtu anataka jina langu, ametaja dola 800, nimjibu nini?" Ukichimba kidogo unakuta muulizaji ameshajibu. Mmoja alikubali papo hapo na sasa hapati usingizi. Mwingine alitaja dola 20,000, mnunuzi akanyamaza na hajarudi tena. Wote wawili wamejibu kabla ya kupiga hesabu.

Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni. Mtu wa Mbale ana kikoa kahawayaelgon.com ambacho hakitumii. Mkaangaji kahawa wa Nairobi anamwandikia na kumpa dola 800. Kwa wepesi wa hesabu tuseme dola moja ni shilingi 3,600 za Uganda, kwa hiyo mezani kuna shilingi 2,880,000.

## Vya kuwa navyo kabla ya kugusa kibodi

- Nenosiri la akaunti yako kwa msajili, yaani kampuni unayoilipa ada ya kila mwaka, pamoja na barua pepe iliyoandikishwa humo.
- Tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kuisha kwa kikoa.
- Orodha ya vikoa vitano hadi kumi vinavyofanana na chako ambavyo vimeshauzwa, pamoja na bei zake. Tovuti ya NameBio hukusanya mauzo yaliyotangazwa.
- Akaunti ya benki inayopokea dola. Ukiwa na akaunti ya shilingi tu, ulizia benki watakubadilishia kwa kiwango gani na watakata ada kiasi gani.
- Karatasi na kalamu. Bei zako ziandike kwa mkono, kwa sababu zikibaki kichwani zitahama mara tu mnunuzi atakapoanza kubembeleza.

## Hatua ya 1: Hakikisha jina ni lako kweli

Hapa ndipo biashara nyingi za Uganda huanguka kabla hata ya bei kuzungumzwa. Fundi aliyekutengenezea tovuti alisajili kikoa kwa jina lake, kwa barua pepe yake, ndani ya akaunti yake. Wewe unalipa kila mwaka na kujiona mwenye mali, kumbe rekodi inamtaja yeye. Siku ya kuuza, anayeweza kukabidhi jina ni fundi.

Ingia kwenye akaunti ya msajili uangalie sehemu ya mmiliki. Ukiona si jina lako wala la kampuni yako, rekebisha kwanza na usimjibu mnunuzi. Fundi mwaminifu atabadilisha bila kelele. Akianza kuzungusha, mkumbushe kwa maandishi, na uweke risiti zote za malipo uliyomlipa kwa ajili ya kikoa hicho.

Angalia pia kama kikoa kinaweza kuhama. Kikoa cha .com kilichosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida hakiruhusiwi kwenda kwa msajili mwingine, na kubadilisha jina la mmiliki nako kunaweza kuwasha kufuli hiyo. Kwa hiyo kama umetoka kurekebisha jina la fundi, muulize msajili kama kufuli imewaka. Mnunuzi akifungua akaunti kwa msajili huyo huyo, mara nyingi jina laweza kusogezwa kutoka akaunti hadi akaunti bila kungoja. Kwa vikoa vya .ug na .co.ug, muulize msajili wako taratibu za kubadilisha mmiliki kabla hujaahidi tarehe yoyote.

Umefanikiwa hapa ukiweza kusema bila kusita: jina ni langu, halijafungwa, na lina miezi kadhaa kabla ya kuisha. Kama limebakiza wiki chache, lilipie sasa. Kupoteza dola 800 kwa sababu ya ada ya dola 15 kunauma.

## Hatua ya 2: Mjue anayekuandikia

Ofa nyingi zinazofika kwenye barua pepe si ofa. Usipoteze muda kupangia bei mtu ambaye hana nia ya kununua. Mitego inayojirudia ni hii.

Cheti cha thamani. Mnunuzi anataja bei tamu, kisha anasema kampuni yake inadai cheti cha kuthaminisha kikoa, na anakuelekeza tovuti fulani ya kukinunua. Ukishalipa cheti, anapotea. Mnunuzi anayetaka uthamini aulipie mwenyewe.

Onyo la "kampuni ya China". Unaambiwa kuna kampuni inataka kusajili jina lako kwa .cn na miishio mingine ya Asia, na upewe nafasi ya kuwahi. Huyo anakuuzia usajili usiouhitaji. Futa.

Tovuti bandia ya kushika fedha. Anapendekeza mtu wa tatu wa kushika malipo hadi jina likabidhiwe, lakini anwani ina herufi moja iliyozidi au mwisho tofauti. Anwani ya huduma ya kushika fedha iandike mwenyewe kwenye kivinjari, kamwe usibonyeze aliyokutumia.

Ujumbe wa simu wa kughushi. Wanunuzi wa hapa nyumbani hutaka kulipa kwa pesa za simu, na SMS inayosema umepokea fedha mtu yeyote anaweza kuitunga. Angalia salio kwenye menyu ya simu yako, usiamini ujumbe peke yake wala picha ya skrini.

Mtu wa kweli unamtambuaje? Tafuta anwani yake ya barua pepe na jina lake mtandaoni. Kisha angalia kama kuna kampuni inayotumia jina linalokaribiana na lako kwa .co.ug, .co.ke au .net, au yenye jina refu kama kahawayaelgon-nairobi. Huyo ndiye mnunuzi wa kweli, na ana sababu ya kulipa zaidi ya mfanyabiashara anayekusanya majina ili ayauze baadaye.

Dalali anayemficha mteja wake si dalili ya ubaya. Kampuni zenye fedha hutuma dalali makusudi, zikijua kwamba bei hupanda zikijulikana. Barua fupi iliyoandikwa vizuri na mtu asiyetaka kusema anamwakilisha nani, mimi huihesabu kuwa habari njema.

## Hatua ya 3: Ondoa hatari ya alama ya biashara

Kama kikoa chako kina jina la kampuni inayojulikana, mfano neno MTN limekaa katikati yake, acha kusoma bei na usome sehemu hii mara mbili.

Kwa .com, .net na .org kuna utaratibu wa kutatua migogoro unaoitwa UDRP, ulioanza mwaka 1999. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Miongoni mwa mambo yanayohesabiwa kuwa nia mbaya ni kusajili jina hasa ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako. Kwa hiyo barua yako ya "nipe dola 10,000" inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako.

Kuna jambo jingine. Kupeleka kesi kwa WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa, kunamgharimu mlalamikaji dola 1,500 kwa jopo la mtu mmoja, bila kuhesabu wakili. Ndiyo maana kampuni hujaribu kwanza kununua kwa mamia machache ya dola. Ukiona ofa ndogo kutoka kwa mwenye alama halisi, ujue upande wa pili wameshapiga hesabu ya kesi.

Tafuta alama zilizosajiliwa kwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara ya Uganda, na kwenye hifadhi ya WIPO mtandaoni. Jina la maneno ya kawaida kama "kahawa ya Elgon", linaloeleza zao na mlima wake, lina msingi imara zaidi kuliko jina la kutunga ambalo lina mwenyewe. Ukikuta mgongano wa wazi, usitaje bei, muone wakili. Pasipo mgongano, endelea.

## Hatua ya 4: Andika bei tatu

Kwenye karatasi yako andika:

1. Bei ya chini, ambayo chini yake huuzi hata ukibembelezwa.
2. Bei ya kati, ambayo ukiipata utafurahi.
3. Bei ya kutamka, utakayoanza nayo ukirudisha bei, yaani ukimjibu mnunuzi kwa bei yako mwenyewe.

Zinatoka wapi? Kwanza, kwenye ile orodha ya mauzo. Linganisha vinavyolingana: mwisho ule ule, idadi ile ile ya maneno, lugha ile ile, sekta ile ile. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na kila mwenye kikoa anaikumbuka, lakini hilo ni neno moja la Kiingereza linaloeleweka dunia nzima. Halikuhusu. Mashine za mtandaoni zinazokadiria bei kwa sekunde mbili nazo zisikutawale, hasa kwa majina ya Kiswahili na Kiganda ambayo zinayakadiria kama herufi zisizo na maana.

Pili, na hili lina uzito kuliko lile la kwanza, andika majina ya biashara halisi ambazo zingeweza kulihitaji jina lako. Si aina za biashara, bali biashara zenyewe, zilizopo leo. Kwa kahawayaelgon.com utapata vyama vya ushirika vya Bugisu, wakaangaji wa Kampala na Nairobi, labda mwagizaji mmoja wa Ulaya. Ukifikisha kumi, una nafasi ya kusubiri. Usipofikisha watano, aliyekuandikia huenda ndiye soko lako lote.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na wenye vikoa vya Kiswahili wakaanza kutaja bei za ajabu. Tangazo la serikali halileti mnunuzi. Kama orodha yako ya biashara haikurefuka baada ya tangazo, na bei isirefuke.

Ada ulizolipa miaka iliyopita usiziweke kwenye hesabu. Zimekwenda, na mnunuzi hazimhusu.

Mtu wetu wa Mbale ameandika: chini dola 300, kati 1,500, kutamka 2,400. Zote ni fedha kabla ya makato. Kwenye masoko ya vikoa, yaani tovuti za kuuzia majina, kamisheni inaweza kuwa asilimia 15 au zaidi. Kwa asilimia 15, dola 800 zinabaki 680, yaani shilingi 2,448,000, na benki bado haijakata chake. Jua mapema nani analipa nini.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya kukosa

Wengi hujiuliza "jina langu lina thamani gani?" Swali linaloamua ni jingine: huyu akiondoka, nabaki na nini?

Wafanyabiashara wenye mamia ya vikoa husema wakiuza asilimia 1 hadi 2 ya majina yao kwa mwaka wameenda kawaida. Chukua asilimia 2. Kwa miaka mitano nafasi ya kupata mnunuzi mwingine ni takriban moja kwa kumi. Ikiwa atalipa dola 1,500, hiyo ni sawa na dola 150 leo. Toa ada ya dola 15 kwa miaka mitano, yaani 75. Kukaa na jina kuna thamani ya dola 75 hivi. Inashtua, lakini ndiyo hali ya majina mengi mazuri ya kawaida.

Sasa kadiria kitakachotokea ukirudisha bei ya 2,400. Tuseme mnunuzi amejieleza, ana duka, na jina linamfaa kabisa:

- Nafasi asilimia 50 mtakutana kwenye 1,500: dola 750.
- Nafasi asilimia 20 atashikilia 800 na utakubali: dola 160.
- Nafasi asilimia 30 ataondoka ubaki na jina lenye thamani ya 75: dola 22 na ushee.

Jumla ni kama dola 932. Inazidi 800, kwa hiyo rudisha bei.

Badilisha hali. Mnunuzi ni kijana anayeanza biashara, amesema 800 ndizo alizonazo, na ana jina mbadala analolitazama. Sasa nafasi ya 1,500 ni asilimia 35, ya kurudi kwenye 800 ni 15, na ya kuondoka ni 50. Hesabu inaleta 525, 120 na 37, jumla chini ya dola 683. Chukua 800.

Makadirio hayo ni yako na hayatakuwa sahihi kabisa. Kazi yake ni kukulazimisha utaje kwa namba nafasi ya mnunuzi kuondoka. Ukishaiandika, tamaa na hofu zote mbili hupungua sauti.

Hali tatu hazihitaji hesabu ndefu:

Ofa imepita bei yako ya kutamka. Kubali. Watu hufikiri "kama ametoa hii, atatoa mara mbili". Mkamia maji hayanywi. Uliandika bei hiyo ukiwa na akili tulivu, iheshimu.

Ofa iko chini ya bei ya chini. Dola 50 kwa jina la 300 haimaanishi anakudharau. Wengi hurusha ndoano ndogo kuona kama kuna samaki. Mjibu kwa adabu na bei yako ya kutamka, mara moja.

Unalitumia jina. Kama barua pepe za wateja zinafika hapo na jina limechorwa kwenye gari la kusambaza bidhaa, zile dola 75 hazina maana. Jumlisha gharama ya kuhamisha kila kitu na wateja utakaowapoteza njiani, na bei yako ya chini ianzie hapo.

Na shida ya fedha? Ada za shule za muhula zikikaribia, dola 800 za leo zinaweza kushinda 1,500 za labda. Hiyo ni sababu halali na asikuaibishe mtu. Ila mnunuzi asiijue.

## Hatua ya 6: Rudisha bei kwa barua fupi

Jibu ndani ya siku moja au mbili. Ukichelewa wiki, anasajili jina jingine. Ukijibu baada ya dakika moja, anajua ulikuwa unasubiri.

Mnunuzi wa Kampala huenda akafungua na "Ssebo (bwana), bei ya mwisho ngapi?" Usimpe ya mwisho kwanza. Mpe ya kutamka:

> Habari, asante kwa ofa yako ya kahawayaelgon.com. Kwa dola 800 sitaweza kuliachia. Ni jina la .com, linaeleza zao na mahali linapotoka, na linasomeka vizuri kwa wateja wa Afrika Mashariki yote. Ninaliuza kwa dola 2,400, malipo kupitia mtu wa tatu wa kushika fedha, na nitakabidhi mara malipo yatakapothibitishwa. Bei hii iko wazi hadi Ijumaa ijayo.

Bei moja, sababu moja au mbili, njia ya malipo, tarehe. Hakuna historia ya maisha.

Akirudi na 1,000, usiruke moja kwa moja katikati. Punguza kwa hatua zinazozidi kuwa fupi: 2,400, kisha 1,900, kisha 1,650, kisha 1,500. Kila hatua fupi inamwambia kwamba unakaribia ukuta. Anayeshuka kwa 300, tena kwa 300, anamfundisha mnunuzi kuendelea kusukuma.

Usimtungie mnunuzi wa pili asiyekuwepo. Akikuambia "basi mpe huyo", umebaki na uongo na bila mteja.

Akikwama kwenye fedha, mpe awamu: dola 1,500 kwa miezi sita, jina likishikwa na huduma ya mtu wa tatu hadi malipo ya mwisho. Anaweza kulitumia, lakini halihami. Hii imeokoa mauzo mengi ambayo kwa bei tu yasingefika.

Onyo: kama ofa imekuja kupitia soko la vikoa, soma masharti kabla ya kubonyeza. Kwenye baadhi ya masoko, kama Sedo, bei unayorudisha inakufunga, na mnunuzi akiikubali umeuza. Usitaje "kujaribu tu".

Umefanikiwa ukiwa na ujumbe wa maandishi wa mnunuzi unaotaja jina, bei, sarafu na nani anabeba ada.

## Hatua ya 7: Kabidhi bila kuibiwa

Tumia mtu wa tatu kwa kiasi chochote ambacho kukipoteza kutakuuma. Escrow.com imekuwepo tangu 1999. Utaratibu ni huu, na usigeuze mpangilio:

1. Fungueni muamala kwa masharti mliyokubaliana.
2. Mnunuzi anatuma fedha kwa huduma hiyo.
3. Unaingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya huduma kuthibitisha kwamba fedha zimepokewa. Barua pepe inayosema zimepokewa haitoshi.
4. Ndipo unafungua kufuli ya kikoa na kutoa msimbo wa uhamisho, ile namba ya siri unayoipata kwa msajili wako. Kuhama kwa msajili mwingine kunaweza kuchukua hadi siku 5.
5. Mnunuzi anathibitisha kwamba amelipokea, na huduma inakulipa.

Kabla ya namba 4, nakili barua pepe zote zilizokaa kwenye kikoa hicho. Pia tafuta akaunti ulizofungua kwa anwani yake: benki, akaunti ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), mitandao ya kijamii. Zibadilishe. Mwenye jina jipya anaweza kutengeneza anwani ile ile ya barua pepe na kuomba nenosiri jipya la akaunti zako.

Benki itauliza dola zimetoka wapi. Andaa ankara, makubaliano na uthibitisho wa muamala kwenye faili moja, na faili hilo hilo mpe mhasibu wako wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi, kwa sababu mapato haya nayo ni mapato.

Fedha zikishaingia, rudi kwa msajili wako wa zamani. Hakikisha kikoa hakionekani tena kwenye akaunti yako, kisha zima malipo ya kujirudia ya huduma zilizokuwa zimefungwa nacho: uhifadhi wa tovuti, barua pepe, cheti cha usalama. Hizo huendelea kukata kadi yako kimya kimya hata jina likiwa limeshakuwa la mtu wa Nairobi.